Usipoziba Ufa

5 Oktoba

Shajara hii nimepewa bure kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka alikuwa anaziondoa zilizobaki, na mwaka wenyewe umebaki mkia. Basi naanzia mwishoni, kama mtu aliyechelewa harusini akaingilia kwenye pilau.

Leo Mama ametoka hospitali. Ni mama mkwe wangu, lakini nikisema "mama mkwe" ananikata jicho, kwa hiyo ni Mama. Nyonga yake iliyovunjika Agosti imetiwa chuma. Kukaa anaweza, kusimama anaweza akishikwa, kuinama juu ya beseni hawezi. Ndiyo maana mume wangu Walter amemjengea bafu mlango kwa mlango na chumba chake, na ndani yake kuna kiti cha plastiki na bomba la mvua. Mama aliogeshwa hivyo wodini akapenda. Njia nzima kutoka Ndanda alikuwa anasema, "Leo naoga mvua yangu mwenyewe."

Nikamkalisha, nikafungua koki. Nilishtuka mimi kabla yake. Kilichotoka ni matone, tena yanafuatana kwa hiari yao. Mama akanyoosha kiganja, akangoja kijae. Hakikujaa.

"Mama Godfrey," akaniita, "hii ni mvua au jasho?"

Baadaye wifi yangu Rose akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Ameshasema na anarudia: katikati ya Novemba anakuja na gari. Akikuta mama yake anaoga vizuri bila hatari, anamwacha. Akikuta anaogeshwa kwa kopo na ndoo, anamchukua akakae naye Mbagala. Mama alisikia yote, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Akasema tu, "Mume wangu nimemzika hapa. Mbagala nikafanye nini, niangalie ukuta wa jirani?"

8 Oktoba

Joto. Matone.

11 Oktoba

Amekuja Jafari, fundi bomba, ambaye pia ni jirani yetu. Alifungua kichwa cha bomba la mvua, akakuta mchanga kidogo, akakipuliza. Akakagua koki moja moja. Akawasha pampu, maji yakapanda kutoka kisimani mpaka tukasikia yanamwagika juu ya tangi. Tangi letu liko juu ya mnara wa mbao nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho mkubwa aliopanda marehemu Baba mkwe, ili maji yapate kivuli. Jafari hakupanda huko juu. Alisikia yanamwagika, akaridhika.

"Pampu nzima, tangi limejaa, koki ziko sawa," akasema. "Labda mnara ni mfupi. Uongezeni."

Tukafungua. Yalikuja kwa nguvu kidogo, kisha yakarudi kuwa matone hata mwenyewe hajamaliza kufunga mfuko wa spana. Akatoa macho, akakuna kichwa, akasema ana kazi ya kupakia korosho ghalani. Msimu huu ukimpata fundi yeyote aliyetulia, ujue anaumwa.

Mama alipooga kwa kopo akalalamika, "Maji haya yananuka uraka."

Tulicheka mimi na Walter. Uraka! Nchi nzima sasa inanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, na nusu ya majirani wanayakamua kupika hiyo pombe yao. Walter akamwambia, "Mama, hospitali walikupa dawa au walikupa uraka?" Mama hakucheka.

14 Oktoba

Mabibo yanaanguka kwenye bati usiku na mchana. Nimeyazoea. Matone sijayazoea.

19 Oktoba

Walter amehamia shambani kulinda korosho, atarudi mara chache. Akiwa anafunga mzigo kwenye pikipiki alinitania: "Ninyi watu wa juu si ndio mnaoga kikombe kimoja na mnabakiza cha chai? Mfundishe Mama, tatizo limekwisha."

Nilicheka, maana ni kweli. Mimi ni wa Makote, Newala. Kule juu ya uwanda ardhi haina maji ya karibu. Kisima kwetu ni shimo lililosakafiwa kwa saruji chini ya ua. Mvua inateleza kwenye bati, inaingia humo, nasi tunainywa mpaka mvua nyingine. Nilipokuwa mtoto, kila kiangazi wajomba walishuka na taa kukagua ukuta wa kisima, na sisi tulisimama juu kimya kabisa. Neno "ufa" lilikuwa halitamkwi ovyo uani kwetu. Mwaka kilipopata ufa wa upana wa unywele, tulikunywa tope mpaka Desemba.

Hapa tumehamia Machi tu, Walter alipoacha kazi ya udereva Newala, ili tuwe karibu na Mama. Kisima cha hapa alikichimba Baba mkwe kwa sururu. Naona hata aibu kufungua koki nikaiacha. Mkono unarudi wenyewe kuifunga.

27 Oktoba

Leo nimeona kifo kikipita bafuni.

Nilikuwa namwogesha Mama kwa kopo kama kawaida. Kopo likanidondoka, nikainama kuliokota, na yeye akajaribu kujisogeza kwenye kiti ili kunisaidia. Mguu ukateleza kwenye sabuni. Nilimdaka kwapani akiwa ameshaacha kiti. Tulibaki hivyo, mimi nimepiga magoti, yeye ananing'inia shingoni mwangu, sabuni inaniingia machoni. Moyo ulinienda mbio mpaka nikadhani ni wake.

Nilipomrudisha kitini alikuwa ameuma mdomo unatoka damu.

"Usimwambie Rose," akasema.

Tangu Machi huyu mama amenikosoa ugali wangu, ufagio wangu na namna ninavyofunga kanga. Leo ndiyo mara ya kwanza ameniomba kitu. Nilimfuta sabuni tu. Lakini nimeapa moyoni kwamba maji yale yatatoka hata kama nitayavuta kwa meno.

28 Oktoba

Nimempigia Mjomba Dickson.

3 Novemba

Mjomba ameingia na basi la kutoka Newala. Huyu ni kaka wa marehemu mama yangu, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Visima vingi vya Makote vimepita kwenye mwiko wake. Alishuka na begi la vifaa, mfuko wa makopa ya muhogo, na kopo la dawa ya kuchanganya kwenye saruji ili isipitishe maji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe mgonjwa."

Nikampeleka kwa Mama. Akamsalimu kwa heshima zote, akampa pole ya nyonga, kisha akaninong'oneza, "Mgonjwa niliyemuulizia ni kisima." Akaenda, akachungulia, akatupa kijiwe, akasikiliza.

"Maji yako chini sana," akasema. "Maji yasiyo na nguvu bombani ni maji yanayotoroka. Hiki kinavuja."

Nilijisikia kama nimepewa dawa na daktari bingwa. Kwa nini sikumwita tangu mwanzo?

4 Novemba

Naandika mikono ikiwa na saruji kwenye kucha, na nina furaha.

Asubuhi tuliwasha pampu mpaka kisima kikakauka. Maji yalijaza tangi, mengine tukayaelekeza kwenye migomba. Mjomba akafunga kamba kwenye shina la mkorosho, akashuka kwa vishikio ambavyo Baba mkwe alivichonga ukutani. Mama alisikia shughuli akauliza kutoka chumbani, "Wanafanya nini huko?"

"Tunasafisha kisima, Mama."

"Vizuri. Baba Walter alikuwa anakisafisha kila mwaka."

Punde sauti ya Mjomba ikapanda kutoka chini: "Esta! Esta mwanangu! Nyufa! Ukuta umepasuka mpaka unalia!"

Nililala kifudifudi ukingoni, nikamulika kwa simu. Nikaziona. Mistari myeusi kwenye jiwe, inametameta, na maji yanachuruzika kwenye midomo yake kidogo kidogo. Nilijiona tena mtoto uani Makote, nimesimama kimya.

"Usipoziba ufa?" Mjomba akaniuliza kutoka chini.

"Utajenga ukuta!" nikamjibu.

Kazi ikaanza. Mimi nilikoroga saruji na ile dawa, nikateremsha ndoo baada ya ndoo, yeye akasiliba. Ufa wa kwanza, wa pili, na mkubwa kuliko yote akauziba mwisho kwa kuupiga vipande vya mawe ndani. Aliniambia tuuache ukauke, kesho kisima kitashika maji kama chupa. Nilimpikia kuku. Kesho alfajiri anarudi Makote, nimemfungia na jogoo wa shukrani.

5 Novemba

Sijui niandike nini kwanza.

Mjomba aliondoka na basi la kwanza. Nikampelekea Mama uji, nikashindwa kuivumilia furaha yangu.

"Mama, tatizo tumelimaliza. Mjomba ameziba nyufa zote za kisima. Hakivuji tena."

Akaweka kikombe chini. "Nyufa zipi?"

"Za kule chini. Zilizokuwa zinatoa maji."

"Zinatoa maji kwenda wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kwenda wapi? Nilimwangalia Mama, Mama akaniangalia, na nikaona rangi inamtoka usoni, na nadhani yangu pia ilishakwenda.

"Mama Godfrey," akasema taratibu, "yale si nyufa. Yale ni macho ya maji. Kisima kinaona kwa pale. Mmekipofua!"

Nilikimbia bila viatu. Nikamulika. Chini pakavu. Pa kijivu, pamenyooka, pamependeza, sakafu ya sebule ya mtu mwenye pesa zake. Hata unyevu hakuna. Niliwasha pampu kama kichaa, ikanguruma kavu, nikaizima. Nikakaa ukingoni nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikasema "Mungu wangu" mpaka likaacha kuwa neno.

Nilijua maji ya kisima hiki yanatoka ardhini! Nani asiyejua? Ungeniuliza barabarani ningekujibu. Lakini nilipoona ufa, kichwa kilikaa pembeni, ikafanya kazi mikono ya Makote.

6 Novemba

Walter amerudi. Nilimsimulia nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kwa lolote. Hakupiga kelele. Alikwenda akachungulia, akakaa palepale nilipokaa jana.

"Baba alichimba kiangazi kizima kuyatafuta hayo macho," akasema. "Na Mjomba wako ameyapata yote siku moja."

Hajala. Maji ya kupikia nimeteka kwa akina Jafari. Rose amepiga simu, nimemwambia mtandao unakatika, nikaukata mwenyewe.

7 Novemba

Leo nimeshtuka tena, na safari hii nilikuwa peke yangu juu ya mnara, nusura nianguke.

Asubuhi nilifungua bomba la mvua nimnawishe Mama uso. Matone. Nikajiambia, ndiyo, kisima kimekufa. Kisha nikasita. Tangi si tulilijaza siku ile tulipokausha kisima? Nikaligonga kwa fimbo kutoka chini hadi juu: limejaa. Tangi limejaa, kisima hakihusiki tena hata kidogo, na matone ni yaleyale! Basi huyo aliyekuwa anatunyima maji hakuwahi kukaa kisimani.

Nikajifunga kanga kibwebwe nikapanda. Kifuniko cha tangi kilishapotea zamani, Walter aliweka kipande cha bati na jiwe juu yake. Jiwe lilikuwa limesogea, bati limepinda, na tawi la mkorosho linaning'inia juu ya tundu. Nikachungulia. Harufu ilinipiga usoni. Mabibo yameelea, mengine mekundu bado, mengine yamelainika yakawa ute. Nikaingiza mkono mpaka begani nikapapasa kwenye tundu la kutokea maji, nikakuta kitu kimekwama. Nikakivuta. Kikang'ang'ania. Nikakivuta kwa hasira za mwezi mzima, kikatoka na sauti kama kizibo cha chupa.

Bibo lililooza, limejikunja, na korosho yake ingali imeshika kichwani.

Chini nikasikia maji yanapiga sakafu ya bafu, kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia katika nyumba hii. Niliteremka mbio nikaenda kuifunga koki, maana kila tone sasa ni la mwisho. Nguvu tumeipata. Maji ya kuipa nguvu hiyo tumeyafungia nje kwa saruji. Nikamwonyesha Mama lile bibo kiganjani.

"Si niliwaambia yananuka uraka?" akasema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nyonga, "Mnaniumiza, jamani, mnaniumiza," na mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja nikiwa nimemlalia miguuni.

8 Novemba

Nimempigia Mjomba. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Nakuja," akakata.

10 Novemba

Mjomba na Walter hawajasalimiana vizuri. Mjomba alisema, "Mkwe, nimekosa," Walter akajibu, "Shikamoo," na akaishia hapo. Lakini Mjomba alipovua shati kushuka na nyundo na tindo, Walter ndiye aliyechukua kamba akajizungushia kiunoni.

Siku nzima ni nyundo tu. Ile dawa yake ni nzuri kweli, Mungu amsamehe. Saruji imekuwa jiwe. Alifungua ufa wa kwanza: pakavu. Wa pili: unyevu kama wa paji la uso, basi. Alipopanda alikuwa mweupe kwa vumbi, na kope zake zimeganda.

"Maisha yangu yote, Esta," aliniambia, "ufa ni mwizi. Sijawahi kukutana na ufa unaoleta."

Sikuweza kumlaumu. Nani aliyekoroga saruji?

11 Novemba

Wingu zito upande wa Newala. Hapa hakuna hata tone. Nyundo.

12 Novemba

Mama ameomba aitiwe Mjomba chumbani. Nilidhani anataka kumsema, nikasimama karibu. Mjomba alipiga magoti kando ya kitanda na vumbi lake lote.

"Nisamehe, dada."

"Baba Walter alipochimba," Mama akasema, "mimi ndiye niliyekuwa navuta udongo juu. Nilikuwa na mimba ya Rose. Jicho kubwa liko upande wa kanisa, chini ya kishikio cha mwisho. Usilipige usoni, utalisukumia mawe ndani. Lianze pembeni, jiwe la pale ni laini."

Sikujua. Mwanamke ambaye namwogesha kila siku, mgongo wake naujua kuliko wangu, na sikujua kwamba kisima kile kilipita kwenye mikono hii.

Mjomba akashuka. Walter akashika kamba. Tukasikia tindo inapiga pole, pembeni, pole. Kisha ikanyamaza. Ikanyamaza muda mrefu mpaka Walter akaita, "Mjomba! Mjomba, uko mzima?"

Sauti ikapanda, nyembamba, si yake: "Limefunguka. Linanitazama."

Walter alimvuta juu. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, na yule mzee alikuwa anatetemeka kwenye jua la Novemba. Walter akamkumbatia na vumbi na tope.

13 Novemba

Tumeyamwaga maji ya kwanza, yalikuwa ya kijivu. Tangi limesuguliwa, lina kifuniko cha kweli, na tawi lile Walter amelikata. Kisima kinajaa polepole. Rose amesema anafika kesho.

14 Novemba

Gari la Rose liliingia uani tukiwa hatujawasha pampu. Alishuka na begi tupu, kubwa, la magurudumu. Tayari alikuwa amesikia habari za saruji, sijui kwa nani, nafikiri kijiji kizima kinazo. Hakunisema. Alinisalimu, akapita moja kwa moja chumbani kwa Mama na kufungua kabati.

Mama akaniita. "Mama Godfrey, nataka kuoga."

"Pampu ndiyo kwanza Walter anaiwasha, Mama."

"Nataka kuoga sasa."

Nikamshika, tukaingia, nikafunga mlango, nikamkalisha kwenye kiti. Nyuma ya nyumba nilisikia maji yanapanda tangini. Nikafungua koki, na kwa muda hapakutoka kitu isipokuwa pumzi. Nikafumba macho.

Yakaja. Yalimpiga Mama begani, yakapiga kiti, ukuta, mlango, kilemba changu. Mama alishtuka akapiga ukelele, kisha akainua uso akayafungulia mdomo. Nilitazama maji yote yale yanakimbilia kwenye tundu la sakafu, na mkono wangu ukaanza safari yake ya kuifunga koki. Mama akaushika kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Rose akagonga mlango. "Mama! Nguo zako za kanisani nizipange? Mama, unanisikia?"

Mama alinivuta karibu, maji yanamtiririka kwenye kope.

"Mwambie Rose sisikii," akasema. "Maji yana kelele."